Kitabu cha Wageni

Tuktuk ilitushusha pale lami inapokatikia,
nje kidogo ya Malindi, mie na watoto watatu:
Twalha na Umaira wangu,
na Mbeyu wa jirani, kavaa viatu vya shule
siku isiyo ya shule.
Kabla hatujaondoka bibi yake alimvuta mlangoni
akamnong'oneza kitu sikioni, kirefu.
Nikadhani ni adabu za ugenini.

Nyumba ya shamba ya liwali imepakwa chokaa upya.
Mkubwa mia, mtoto hamsini.
Mtembeza wageni, Bwana Shekuwe,
ana funguo kumi na moja na kikohozi.

"Hapa ndipo alipolala. Hapa ndipo alipokula.
Hapa alipokea wageni kutoka Unguja,
na deli la kahawa halikupata kupoa."
Tukatazama kitanda cha besera kisicho na godoro,
saa ya ukutani iliyogoma saa tatu na dakika kumi,
sijui asubuhi, sijui usiku,
na kiti cha mpingo chenye kamba nyekundu: USIKALIE.
Umaira akakaa.
Kamba haikusema kitu.

Watoto huuliza yaliyo kimo chao.
Choo kiko wapi?
Nani alipandisha maji ya kuoga ngazi zote hizi?
Na huyu pichani, nyuma ya liwali, nusu uso,
aliyeshika mwavuli
jua limpige yeye lisimpige mwenziwe,
anaitwa nani?
Bwana Shekuwe akakohoa.
"Huyo ni mtu wa mwavuli."

Ghalani kuna mizani ya chuma.
Twalha akaipanda, akajitangaza kuwa gunia la mtama,
la daraja la kwanza, linakwenda Arabuni.
Tukacheka. Mwangwi ukacheka kwa kuchelewa.
Kisha Umaira akaona ukuta,
pale kwenye kona pasipofikwa na brashi:
mistari minne wima, mmoja unaikata,
minne, mmoja, minne, mmoja,
inapanda hadi juu ya kichwa changu.
Alihesabu hadi mia mbili na kitu, akapotea,
akaanza upya, akapotea.
"Magunia," alisema Bwana Shekuwe.
Halafu, kama aliyekanyaga mwiba na hataki tujue:
"Au siku."

Nje hakuna shamba tena.
Kuna viwanja vya watu, mawe ya mipaka, waya,
ng'ombe watatu wasiojali hati ni ya nani.
Ufuta umejiotea kwenye ufa wa ngazi.
Tulikula viazi karai kivulini mwa ukuta,
pilipili ikamliza Twalha, akasingizia vumbi.
Mbeyu hakula. Midomo yake ilikuwa inakwenda, kimya,
kama mwanachuo anayeogopa kuisahau aya
kabla hajamfikia mwalimu.

Mlangoni, kitabu cha wageni.
Jina. Atokako. Maoni.
Waliotutangulia walitoka Voi, Nairobi, Milano:
Pazuri. Pazuri sana. Barabara itengenezwe.
Twalha aliandika jina lake mara mbili.
Umaira alichora kiti.
Mbeyu akaomba kalamu, akakinga mkono
vile wanavyokinga karatasi ya mtihani.
Alikawia. Dereva akapiga honi, akapiga tena.
Nilichungulia. Naam, nilichungulia.

Jina: Feruzi, babu wa bibi.
Atokako: Hapa.
Maoni: Mwavuli ni mzito.

Bwana Shekuwe akavaa miwani.
Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
hakukohoa.
Akafungua kikopo cha tiketi,
akatoa sarafu, moja moja, zikatimia hamsini,
akaziweka kwenye kiganja cha mtoto, akakifunga.
"Mtu halipi kuingia kwao."

Twalha akauliza,
na zake je?